Sumu Iliyovunjika Vipande

Tangu wapalizi wa pamba waanguke wakitetemeka baada ya kula ugali wa shamba la pamoja, Bibi Letisia hakuwa na amani pale Rudewa. Zamu ya kupika ilikuwa yake. Mwenyekiti Yeremia alikwisha itisha mkutano: ikibainika ametia sumu ya panya, polisi watamchukua. Watu waliacha kumwamkia. Jirani yake Mwamvua tu ndiye aliyeendelea kumwekea kuni mlangoni.

Asubuhi ya mkutano alifika mjukuu wake Agnesi, mfanyakazi wa maabara Dar es Salaam, aliyekuwa ameuchukua unga uliobaki akaupime.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema upesi, mwanangu, moyo unataka kunitoka."

"Mashine yetu huipiga sumu kwa elektroni, vijichembe visivyoonekana kwa macho. Mwanzo tulipiga kwa nguvu ya kawaida. Sumu ikapasuka yote, vikabaki vipande tu, na vipande vile sumu nyingi zinavyo."

"Kumbe nanyi mnatwanga ovyo! Punje ukiiponda ikawa vumbi, utajuaje ilikuwa na ukubwa gani?"

"Ndiyo hivyo. Tukapunguza nguvu ya elektroni. Alama za mashine zikawa hafifu, lakini sumu kidogo ilibaki nzima, tukapata uzito wake kamili. Si ya panya, bibi. Ni dawa ya pamba." Agnesi akamtazama. "Unga uliuweka wapi?"

"Kwenye debe."

Yalikuwa madebe matupu ya dawa ya pamba, waliyogawiwa wanawake wote kutoka ghala la shamba. Waliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka yakang'aa, maana debe zima halitupwi. Lake alimchagulia Mwamvua, lisilo na kutu, akambebea mpaka nyumbani.

Letisia aligeuka akatazama nje. Jikoni kwa Mwamvua moshi ulikuwa ukifuka.

Alikimbia pekupeku. Watoto walikuwa wamekwisha nawa. Aliisukuma sufuria kwa mikono mitupu, ugali ukamwagika majivuni.

"Letisia! Umeingiwa na nini?"

"Debe, Mwamvua! Sumu imo kwenye debe! Wameonja?"

"Bado." Mwamvua aliitazama mikono ya mwenzake iliyoungua, akaitumbukiza kwenye maji ya kunawia. Hakumwuliza amejuaje. "Na kwa Lea wanapika. Na kwa Joha."

Wakatoka mbio pamoja, wakipiga yowe kwenye kila mlango uliokuwa na moshi.