Alama Nyekundu kwa Ndege ya Milo

Kwa jina la Mola aliyeziinua mbingu bila ya nguzo tunazoziona, akawapa ndege mbawa na wanadamu hamu ya kuwafuata, habari hii yaanza. Kwake ni shukrani ya kila chombo kilichopaa kikatua salama, na kwake ni marejeo ya kila kilichopaa kisitue.

Watu wake ni watatu. Wa kwanza ni Lumir Vondra, mwenye miaka sabini na minne, ambaye ujanani alikuwa fundi mkuu wa ndege katika kikosi cha akiba cha jimbo la Nebraska. Wa pili ni Wendell Hruska, fundi wa matrekta, ambaye hakuvaa sare hata siku moja na ambaye mdomo wake hauna breki. Wa tatu ni Doreen Sedlak, mjane wa Kapteni Milo Sedlak. Na baada yao, ikiwa chuma chaweza kutajwa pamoja na watu, yupo Milo mwenyewe kwa namna ya jina lake: herufi nyeupe chini ya kioo cha rubani, ubavuni mwa ndege ya upelelezi ya RF-84, yenye kamera puani badala ya bunduki, iliyosimama katika majani mbele ya jumba dogo la makumbusho la mji wa Prosek. Milo aliirusha ndege ile ile. Lumir aliitunza ile ile. Milo alikufa kwa moyo, kitandani pake. Ndege ilibaki.

Wajitoleao wa makumbusho walikuwa kumi na wanane zamani. Mwaka huo wa habari hii walikuwa watatu.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, siku kumi na tatu kabla ya Siku ya Kuwakumbuka Waliokufa Vitani, Lumir alilala chali juu ya kipande cha boksi chini ya tumbo la ndege, brashi mkononi, akipaka rangi ya fedha kama alivyopaka kila Mei kwa miaka ishirini na miwili. Mgongo ulimuuma tangu kifungua kinywa. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu huacha kuuhesabu uchovu kuwa ni maumivu, akauhesabu kuwa ni hali ya hewa.

"We mzee!" Wendell aliita kutoka kwenye ngazi. "Umelala au umekufa? Niambie mapema, nikatafute sepetu."

"Ukichimba wewe, kaburi litakwenda upande kama ngazi yako."

"Angalau mimi nafanya kazi nikiwa wima."

Lumir aliisimamisha brashi. Brashi ilikuwa imepita juu ya sehemu laini. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Akatoa bisibisi mfukoni, akakwangua tabaka moja, la pili, la tano, mpaka ncha ikazama ghafla katika kitundu kidogo. Maji yakamtiririkia kifuani, meusi, yenye unga mweupe na harufu ya kisima kilichoachwa.

Hapo alikumbuka yote kwa mara moja, kama mtu anayekumbuka jina la aliyemdhulumu.

Tumboni mwa ndege kuna vitundu vya kutolea maji. Kijana yeyote wa kikosini aliyethubutu kuviziba, Lumir alikuwa akimfokea mpaka masikio yawe mekundu. Lakini mwaka wa kwanza wa makumbusho nyigu walijenga humo, na mtoto wa mwalimu akaumwa shingoni. Basi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aliviziba vyote kumi na vinne kwa gundi, kwa nia ya kuvizibua kabla mvua za vuli hazijafika. Vuli ilipofika mkewe alikuwa hospitalini. Theluji ilipoyeyuka alikuwa kaburini. Mei iliyofuata Lumir alipaka rangi, kwa kuwa kupaka rangi kulimpa sababu ya kutoka nyumbani. Na Mei nyingine. Ndege ilizidi kung'aa nje, na ndani maji yakakaa.

Alijivuta mpaka penye gurudumu la kushoto, akafungua kifuniko, akawasha tochi. Boriti inayobeba bawa, ambayo ndiyo iliyoushika mguu wa gurudumu, ilikuwa imechanua matabaka kama kitabu kilicholoa. Alikimega kipande kwa vidole viwili. Kikavunjika kama mkate wa juzi.

Wendell aliteremka, akainama, akatazama. Akaivua kofia.

"Itasimama?" aliuliza.

"Imesimama leo. Wakipanda watoto kumi, sijui."

Kila Siku ya Kumbukumbu watoto wa Prosek hupanga foleni, wakapanda ngazi mmoja mmoja na kuketi penye kiti cha rubani. Doreen husimama juu ya ngazi akiwashika mikono, akiwaonyesha jina la mumewe.

Tena ndege haikuwa mali ya mji. Ilikuwa ya serikali, mji umeazimwa tu, na kila mwaka kabla ya Juni hutakiwa picha nane na sahihi ya fundi kwamba chombo ni salama kwa umma. Chombo kisicho salama huchukuliwa. Kilichooza hukatwa.

"Sikiliza, bwana," Wendell alisema, akiishusha sauti ijapokuwa hapakuwa na wa kusikia isipokuwa mahindi machanga ya jirani. "Picha ya tumbo tutumie ya mwaka jana. Hakuna atakayejua. Tutaweka gogo chini ya bawa, tulifunike na bendera, watu waone ni pambo. Mwakani mimi na wewe huenda tushakufa, waje wengine wahangaike."

"Na watoto?"

"Watoto wa siku hizi wepesi. Wanakula majani matupu."

"Wendell."

"Nimesikia." Akajifuta uso kwa kofia. "Lakini Doreen utamwambia wewe, si mimi. Mimi huyu mama nilimwogopa tangu darasa la tatu."

Lumir aliingia ofisini. Katika droo lilikuwamo daftari la ndege, ambalo hakuna aliyemtaka aliweke. Aliliweka kwa mazoea, kama alivyofundishwa. Katika vikosi vya anga vya nchi ile kila ndege ina daftari lake, na fundi akiona kasoro ya kuua huandika humo alama ya X kwa wino mwekundu. Ikishaandikwa, hata jemadari hana amri juu yake: ndege haiguswi na rubani. Wala aliyeiandika hana ruhusa ya kuifuta. Huifuta fundi mwingine mwenye kibali, baada ya kuona kwa macho yake kwamba kasoro imeondoka.

Aliishika kalamu nyekundu, akaiweka tena mezani. Kuandika ni kukiri kwamba aliyeiua ndege ni yeye, na kwamba jina la Milo litakwenda na msumeno. Kutokuandika ni kurudi chini ya tumbo, kuziba kitundu, na kumaliza kupaka rangi. Saa mbili tu za kazi. Alitamani mtu amwambie aende akalale.

Doreen aliingia bila kubisha, sahani ya kolachi, mikate midogo mitamu yenye mbegu za mipopi, mikononi.

"Shemeji, mbona Wendell ananikwepa? Nimemsalimu, akaingia chooni. Na wewe, shati lako limeingiwa na nini?"

"Keti, shemeji."

"Nikiketi sitainuka. Sema."

Akamwambia. Hakuacha kitu: nyigu, gundi, vuli, rangi, boriti. Doreen alisikiliza amesimama, sahani ikiinama polepole mpaka kolachi moja ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Nimekuwa nikikuletea vitafunio miaka ishirini na miwili ili uitie maji."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Jitetee kidogo, mwanamume mzima."

"Sina la kujitetea. Nilijua. Kazi yangu ilikuwa kujua."

Doreen aliiweka sahani juu ya meza, akaliona daftari, akaiona kalamu.

"Bado hujaandika."

"Bado."

"Ukiandika, katika mji huu nani wa kuifuta?"

Lumir alifikiri kwa uaminifu, akiwapitia wenzake wa kikosini mmoja baada ya mmoja. "Hakuna. Wote wameshazikwa."

Doreen alivuta kiti, akaketi licha ya aliyoyasema. 

"Unajua Milo alivyokuwa akirudi nyumbani siku ulizomwandikia hiyo alama? Supu inapoa, yeye anakutukana tu. Vondra mwoga, Vondra bikizee, Vondra ameona ufa wa unywele akanizuia. Nami namwitikia, 'Pole, mume wangu.' Kisha naingia jikoni, nafungua bomba la maji asinisikie, nalia kwa furaha, kwa kuwa siku ile hakupaa, amelala kwangu mzima." Akaisogeza sahani kando. "Sijawahi kukwambia. Nilidhani utavimba kichwa."

Lumir alilivuta daftari karibu.

"Usidhani nakushukuru na leo," Doreen aliongeza, sauti imekauka. "Leo nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka Ijumaa, pengine na Jumamosi. Lakini kuna watoto wa watu watakaopanda pale, na mama zao wamesimama chini. Andika."

Akaandika. Mistari miwili, iliyokatana, mirefu kuliko ilivyohitajika. Chini yake tarehe, na jina lake kwa ukamilifu. Walipotoka walimkuta Wendell ameshaleta kamba ya ghalani na vigingi, na watatu hao wakaizungushia ndege yote, wakisimama kupumzika kila baada ya kigingi kimoja. Picha ya tumbo, pamoja na maji yake, ilitumwa siku ya pili.

Siku ya Kumbukumbu watoto walikuja, wakaikuta kamba. Doreen aliketi mbele yake juu ya kiti cha kukunja, akawaambia kwa zamu kwamba ndege ni mgonjwa na haipandwi, na kwamba aliyesema hivyo ni fundi wake, yule pale, na kwamba neno la fundi halipingwi. Baadhi walilia. Mmoja alimtolea Lumir ulimi, naye akaona amestahili.

Mwezi wa Agosti serikali ilijibu. Walikuja watu wanne na lori, wenye adabu, wakaomba maji ya kunywa. Walianza kulikata bawa la kushoto. Doreen hakuenda kutazama. Lumir alikwenda, akasimama mpaka mwisho, kwa kuwa fundi haiachi ndege yake mikononi mwa wageni. Jioni palibaki mviringo wa majani ya njano, ambapo jua lilikuwa halijafika kwa miaka mingi.

Ewe Mola usiyechoka, waliochoka ni waja wako. Wape waliobaki wa Prosek migongo ya kuwafikisha, na usingizi usio na hesabu ndani yake. Mlaze Lumir Vondra akiwa mwepesi, mpe Doreen mtu wa kumwandalia chakula, muachie Wendell mdomo wake. Na kila mama anayemngoja aliye angani, mrudishie chini akiwa mzima. Amina.