Chuma Katikati ya Nyumba ya Mama Clémentine

Mimi si mwanamke wa kuombaomba. Nikitaka kitu nasema, na nikisema ujue nimekwisha kukichagua moyoni. Ndiyo maana siku nilipomwambia mume wangu Placide kwamba nataka nguzo ya chuma katikati ya sebule, ya kupanda na kuchezea, hakuniuliza kama natania. Aliuliza tu: "Na mama?"

Mama ni Clémentine, mama yake mzazi, mwenye nyumba. Nyumba yetu hii ya Kasongo aliijenga yeye na marehemu mume wake, tofali kwa tofali, na kila kitu ndani kimekaa pale alipokiweka yeye: viti, kabati, hata msumari wa kalenda. Tangu niolewe sijaweka humo kitu nilichokichagua mwenyewe kikakaa. Nilileta pazia, likahamia jikoni kufunika mihogo. Nikameza, kwa heshima. Lakini kumeza nako kuna mwisho. Safari hii nilitaka kitu kimoja changu, na nilikitaka sebuleni, mbele ya macho ya kila mtu.

Mchezo wenyewe niliuona kwenye simu. Wanawake wanapanda nguzo, wanajizungusha, wanageuka kichwa chini miguu juu, na mikono yao imekaza vizuri. Wako wanaocheza hivyo kwenye baa, hilo silikatai. Mimi niliona mazoezi. Nikaenda uwanja wa parokia, nikajaribu kwenye nguzo ya wavu wa voleboli, nikafika juu siku hiyo hiyo. Nani mwingine mtaani kwetu angefika? Mlinzi alinifukuza, lakini nilikuwa nimekwisha kufika.

Nilipomweleza Mama, aliacha kuchambua sombe, majani ya mihogo, akanitazama.

"Nguzo? Nyumba yangu inaanguka? Batu batasema paa ya Clémentine imeoza, bameiwekea muti ya kuishika."

"Mama, ni ya mazoezi."

"Aya," akasema, akarudia sombe yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa Mama, hiyo ndiyo hapana kubwa kuliko zote, na iliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Placide alijaribu kunisaidia kwa njia yake. Yeye hubeba mizigo kwa pikipiki kwenye njia ya Kabambare, na siku moja alirudi kutoka Lusangi na mti mrefu umefungwa ubavuni mwa pikipiki, ile miti wanayoegemezea mashimo ya dhahabu.

"Huu unashika mulima," akajisifu. "Utashindwa kukushika weye?"

Niliupapasa. Vibanzi vitupu. Mchezo huu unachezwa kwa kaptula, ngozi ya paja ndiyo inayoshika nguzo. Nilimshukuru, nikaupeleka mti kwenye banda la mbuzi.

Nikaenda mwenyewe kwa Souleymane, mchomeleaji wa karibu na soko. Alinitolea mabomba matatu. La kwanza lilikuwa nene, kiganja hakikuweza kulizunguka. Bomba la namna hiyo utalikumbatia, hutalishika. La pili lilikuwa jembamba. Nililiweka juu ya matofali mawili, nikalikalia katikati, likapinda, naye Souleymane akakunja uso. La tatu lilikuwa bomba la maji. Nililishika, vidole vikakaribia kukutana na dole gumba. Nikapitisha kiganja toka mwisho hadi mwisho, nikakuta mshono mmoja unakwaruza, nikamwambia ausugue.

"Dada, utalivutia maji hadi wapi?" akauliza.

"Maji? Hili nitalipanda."

Alicheka mpaka akashika kiuno, lakini alisugua.

Kwenye simu wanaikaza nguzo kati ya sakafu na dari. Sisi dari hatuna. Ukikaza hapa utainua mabati. Kwa hiyo tuliamua ifungwe kwa bolti kwenye boriti, na chini ichimbiwe na kumwagiwa saruji. Placide alipokuwa anachimba, Mama alivuta kiti akakaa kumtazama. Neno alilotoa lilikuwa moja: "Shimo iko fupi." Placide akaongeza kuchimba. Mimi sikujua nifurahi au niogope.

Saruji ilipokauka vizuri, niliwaita majirani. Wacheke mbele yangu, nilisema, wasichekee kisimani. Emilienne alikuja na wenzake, wakajipanga ukutani. Nikavaa kaptula, nikaruka, nikashika. Nikateleza mpaka sakafuni, matako yakalia pu! Nikaruka tena, nikateleza tena. Emilienne alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Nilinusa viganja vyangu. Mawese.

Damu ilinipanda. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu asiyeitaka nguzo yangu.

"Mama, ni weye umepakaa mafuta?"

"Ni miye," akasema, bila haya hata kidogo.

"Sababu gani?"

Alishangaa kweli, nikamwona usoni.

"Mukamwana, jembe mupya napakaa mafuta. Kinu mupya napakaa. Mutoto yenu Sonia alipozaliwa nilimupakaa kwa mikono yangu hii. Kitu mupya haiingie mukavu mu nyumba yangu. Ungetaka niiache vile, sawa na kitu ya mugeni?"

Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Kumbe aliamka kabla yetu sote, akaipaka toka chini hadi pale mkono wake ulipofika. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nilimpigia magoti mbele ya Emilienne na wenzake, nikamshukuru kwa sauti.

"Inuka," akasema. "Lete majivu."

Tulisugua pamoja, kwa majivu na sabuni, kisha kitambaa kikavu. Nikaruka. Safari hii chuma kilinishika. Nikajivuta, nikakaza mapaja, nikajivuta tena, mpaka kichwa kikagusa boriti. Jasho linatiririka, na mimi juu! Nilitazama nyumba yote kutoka pale, na macho yakatua kwenye kabati.

"Mama," nikasema, "juu ya kabati yako kuna vumbi!"

Emilienne alishika mdomo. Hakuna mtu Kasongo anayemwambia Clémentine kwamba kabati yake ina vumbi.

Mama alikunja kile kitambaa, akanirushia.

"Panguza," akasema. "Kule juu sasa ni kwako."