Mlango wa Mwisho wa Komredi Velukutty

Mtu akishindwa uchaguzi hutafuta sababu inayolingana na ukubwa wake. Komredi Velukutty, mbunge wa miaka mingi katika nchi ya mpunga na mifereji ya Kuttanad, kusini mwa India, yake alikuwa ameshaipata: itikadi. Wananchi wameuacha mstari mwekundu, basi. Wamechoka na mapinduzi, wanataka friji. Aliyemwangusha ni daktari wa meno asiye na chama, tena alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa birika. Birika, jamani! Heri angeshindwa na ng'ombe.

Alasiri ile tawi la chama lilikuwa linakutana kuchambua kushindwa huko. Velukutty angesimama, angesema viongozi wamelegeza msimamo ndiyo maana wapigakura wamepotea, kisha angetoka na kila mkomunisti wa kweli amfuate. Maana yake angeachana na Ouseph, katibu wa tawi, aliyefungwa naye selo moja wakati wa mgomo wa wavunaji, wakala bakuli moja na kuvaa ndara moja kwa zamu. Hilo lilimuuma sana. Lakini msimamo ni msimamo.

Hotuba aliifanyia mazoezi jikoni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na msikilizaji. Bhargavi, mkewe, alikuwa anamenya mihogo.

"Mabepari wamewanunua wananchi kwa ndoto!" alinguruma.

"Sogea kidogo, baba Latha, umeniziba mwanga."

"Wewe nawe! Naongea mambo ya historia."

"Na historia nayo itakula mihogo. Sogea."

Akasogea. Dirishani lilionekana daraja, zege jeupe juu ya mto. Daraja lake! Alilipigania bungeni mpaka sauti ikamkauka, na siku ya kulifungua alilia mbele ya watu bila haya. Chini yake gati la zamani lilikuwa limeota majani.

Ah, enzi za kivuko! Uwe mbunge, uwe mvunaji, ulisubiri mtumbwi pamoja na wenzako, chai ya rangi mkononi. Huyu anakulalamikia maji ya chumvi yaliyoingia shambani, yule anakutania kitambi. Mariamma, bibi mfuga bata, alikuwa akimtwika kikapu chake bila hata kuomba. "Shika, mheshimiwa, leo ufanye kazi." Naye alikishika mpaka ng'ambo, bata wakimchafua shati.

Na kampeni za wakati ule! Nyumba kwa nyumba kwenye tope, viganja vimekutana kifuani kwa salamu ya kuomba. Jioni ya mwisho, nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa yake mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje, ndara mkononi, wenzake nyuma yake wamejibana wasicheke.

"Mama, mimi naitwa Velukutty, mgombea wa chama cha wafanyakazi. Naomba kura yako."

Bhargavi alitoka katika nguo yake nyeupe yenye pindo la dhahabu, akamwangalia juu mpaka chini. "Nitafikiria. Wanaume wengi wamepita hapa leo."

Ouseph alicheka hadi akakaa chini kwenye tope. Kisha wote waliingia kula mihogo na mchuzi wa samaki, na ilikuwa hivyo kila uchaguzi. Velukutty alijikuta anatabasamu peke yake.

"Hivi bibi wa bata yuko wapi siku hizi?"

Bhargavi aliweka kisu chini. "Mariamma alifariki mwaka juzi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Ulipita. Tulikuwa barabarani na jeneza. Gari lako likapiga honi, tukakupisha."

"Nilikuwa nawahi bungeni."

"Najua."

"Lakini mtu hanyimwi kura kwa sababu ya honi, Bhargavi. Hii ni itikadi. Waliochagua birika wameikana bendera."

"Mimi nilichagua birika."

Alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona hataniwi.

"Wewe? Uliyebeba bendera nyekundu na mimba ya Latha tumboni?"

"Na kesho nitaibeba. Nikifa, nifunikeni nayo. Bendera imenikosea nini? Jioni ya mwisho ya kampeni hii nilikaa mlangoni na nguo yangu nyeupe. Nilipika mihogo ya jeshi zima. Ukapita barabarani na vipaza sauti, ukanipungia mkono, ukaenda zako. Yule wa meno alishuka. Alikanyaga tope letu, akaniita mama, akaniomba. Ninyi semeni itikadi. Mimi sikuombwa, baba Latha."

Hasira ilimjia Velukutty, ikakosa pa kukaa. Aliikumbuka ile nguo nyeupe mlangoni. Aliiona vizuri kabisa kupitia kioo cha gari, akajisemea: hiyo ni kura ya mfukoni, twende. Ni milango mingapi mingine aliisemea vivyo hivyo? Kushindwa na mabepari wa dunia nzima kuna heshima yake. Hili la kushindwa kwa kutoshuka garini, aibu yake angeipeleka wapi?

Alitoka bila kuaga. Mvua ilikuwa imeanza. Alifika nje ya ua, akasimama, akarudi. Akavua ndara, akazishika mkononi, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Bhargavi alifungua.

"Mama," alisema, viganja kifuani, maji ya mvua yakimchuruzika puani. "Mimi naitwa Velukutty. Uchaguzi umeshapita, najua. Nimekuja tu kuomba."

Bhargavi alimwangalia juu mpaka chini.

"Nitafikiria," alisema, akajifuta macho kwa upindo. "Na mkutano je?"

"Nitawaambia niliacha kushuka garini. Waandike watakavyo."

"Basi mpitie Ouseph mwende wote. Mkitoka huko mje mle, mihogo ipo."

Velukutty akashuka kwa miguu, njia ya gati la zamani. Kabla ya kufika kwa Ouseph alisimama kwa watoto wa Mariamma, akabisha hodi, kutoa pole ya mwaka juzi.