Mama Hataki Kuingia

Tangu mshonaji ahamie kwa binti yake ilikuwa imetimia miezi minane, na katika miezi yote hiyo yeye na mkwewe hawakuwahi kukosana hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Waliheshimiana kupita kiasi. Asubuhi mkwe alimwamkia shikamoo, yeye akaitika marahaba na kuuliza usiku ulikuwaje, kisha kila mmoja akashika njia yake kama watu waliopishana kwenye korido ya hospitali. Mengine yote yalipitia kwa binti. Mama akitaka dirisha lifungwe, alimwambia binti amwambie mumewe, na mume huyo amekaa hatua mbili tu kutoka kwenye dirisha na kila neno amelisikia. Mkwe naye akitaka kujua kama mama ameshiba, alimuuliza mkewe, mke akageuza shingo, akauliza, akapokea jibu, akageuza shingo tena.

Si kwamba mama alikuwa mtu wa kimya. Kwa miaka thelathini na mmoja alishona sare za shule katika chumba chenye cherehani kumi na mbili zinazonguruma, kwa hiyo sauti yake ya kawaida ilikuwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mkwe ndiye aliyekuwa wa kimya. Alikuwa mkutubi. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha watu, na jioni alirudi nyumbani akiwa bado hajajitoa humo. Mbele yake mama alijiona kama ngoma iliyoletwa chumba cha mtihani, akajifunza kunong'ona, jambo lililomchosha kuliko kushona.

Kisha binti, ambaye ni mfamasia, akaitwa kwenye mafunzo ya siku tano mji mwingine. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya televisheni na kunyoosha kidole chini yake. Palikuwa na deki iliyomeza diski tangu mwaka juzi na haijaitema, king'amuzi, redio ya zamani, diski mbili za kuhifadhia picha, na nyaya zilizosokotana hata huwezi kujua upi unaanzia wapi. Alisema akirudi asiikute takataka hiyo. Mumewe akamwahidi kompyuta moja ndogo ya sebuleni, isiyozidi boksi la viatu, itakayobeba filamu, nyimbo na picha zote za familia na kuendeshwa kwa rimoti. Tena hatanunua iliyokwisha kuundwa. Ataiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Binti alimtazama mama yake, mama akatazama dari.

Siku nne za mwanzo walivuka hivyo hivyo bila mkalimani. Mama aligundua njia ya kusemea hewani. Alikuwa akisema, kana kwamba anaongea na kabati, kwamba sijui chumvi leo imejificha wapi, na chumvi ikawekwa mbele yake bila neno. Mkwe naye siku moja alimuuliza mlango kama kuna mtu angependa chai. Mlango haukujibu, lakini mama alikohoa, na chai ikaletwa.

Jumamosi asubuhi mkwe akatandika kitambaa safi juu ya meza ya kulia chakula na kupanga maboksi yake. Mwisho wa meza hiyo hiyo ndipo ilipokaa cherehani ya mama, chuma kitupu, nzito kama dhambi. Mama alikuwa na mapazia ya kupinda, akaona hana sababu ya kuhama. Akawa anashona jicho moja likiwa kwenye pindo na jingine upande wa pili.

Alichokiona kilimfurahisha, ingawa hakukionyesha. Mkwe alifanya kazi miguu mitupu, na kila baada ya dakika chache alinyanyuka kwenda kugusa nondo za dirisha kana kwamba anaziaga. Baadaye mama alikuja kuelewa kwamba alikuwa akijitoa umeme wa mwilini, asije akaunguza kifaa kwa vidole vyake. Kijitabu cha maelekezo alikiweka pembeni bila kukifungua. Alikuwa ametazama video, nadhani, na mtu aliyetazama video hujiona ameshafika. Alichukua bodi moja pana yenye rangi ya usiku, akapachika prosesa, ubongo wa kompyuta, katikati yake kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto, akafunga feni juu, akachomeka vijiti viwili vya kumbukumbu. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama yamepigwa pasi.

Ilipofika saa tano mama akatoka kwenda kuanika nguo. Aliporudi na beseni tupu, alisikia mkwe anaongea kwa simu sebuleni, akasimama kwenye korido ili asimkatize.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo mama hakulijua. Mafundi wa kompyuta wana lugha yao. Ile bodi pana, ambayo vifaa vingine vyote huchomekwa juu yake, wao huiita mama, kwa kuwa vyote huitegemea. Fundi aliyekuwa upande wa pili wa simu ndiye aliyemfundisha mkwe msemo huo, na mkwe, kama mwanafunzi yeyote mpya, aliupenda na kuutumia kila alipopata nafasi.

"Mama hataki kuingia," alikuwa akisema. Akanyamaza kusikiliza. "Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa nguvu. Nafasi yenyewe ndogo, na yeye ni mpana." Akanyamaza tena. "Naona bora nimtoe tu. Nimrudishe alikotoka, nitafute mwingine mdogo."

Beseni lilimponyoka mama kidogo, akalidaka kwa goti.

Aliingia chumbani na kukaa kitandani. Sikio lililoumia halipigi mahesabu. Angetulia kidogo angejiuliza ni duka gani linalouza mama wengine wadogo, na ni lini hasa mkwe yule mpole alipomjaribu kwa nguvu. Lakini aliposikia neno "mpana" mengine yote yalimpita. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka ubavu, akageuka tena. Akawaza miezi minane ya chumvi na madirisha. Kumbe ule ukimya haukuwa heshima. Kumbe mwenzake alikuwa akivumilia, akimngoja mkewe asafiri ili amalize shauri na rafiki zake kwa simu.

Hakulia. Alijikaza kisabuni, akashusha begi kutoka juu ya kabati na kukunja nguo zake, kwa usafi uleule aliokunjia sare, mikono nyuma, kola juu. Alipanga atakwenda kwa dada yake, na binti akipiga simu atamwambia amepakumbuka tu. Kila kitu kilienea begini isipokuwa kimoja. Cherehani ilikuwa sebuleni, mezani, mbele ya mtu huyo huyo, na mgongo wake haukuwa tena wa kuinyanyua.

Alipiga moyo konde, akatoka. Mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, ameinamia kasha tupu la bati la kompyuta yake, jasho linamtiririka. Mama alisimama kwa urefu wake wote na kuitoa ile sauti aliyoifungia miezi minane.

"Baba, nisaidie kubeba cherehani yangu hadi mlangoni."

Mkwe aliruka, bisibisi ikamtoka mkononi. Alitazama kushoto na kulia akimtafuta mkewe amtafsirie. Kisha akakumbuka. Akauliza, kwa sauti ya maktaba, inakwenda wapi.

"Inarudi ilikotoka, pamoja na mwenyewe. Umesema mama atolewe, basi anatoka. Lakini huyo mdogo utakayemtafuta, umwambie mapema kwamba nyumba hii kila kitu unaagiza kwa kupitia mtu."

Mkwe aliitazama simu yake juu ya meza, akalitazama kasha, na mama aliona kabisa jinsi mambo yalivyokuwa yakiunganika usoni mwake, moja baada ya jingine, hadi masikio yakawa mekundu. Akainyanyua ile bodi kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini.

"Mama," alisema, "mama ni huyu."

Alieleza yote kwa mkupuo, na maneno aliyoyasema katika dakika ile yalizidi ya miezi minane yote kwa pamoja. Alieleza kuhusu bodi na fundi na lugha ya mafundi, na kwamba kasha ni dogo na bodi haikai, matundu ya skrubu hayakutani, na kwamba kama ni mtu wa kutolewa nyumbani humo basi ni yeye mwenyewe, aliyejitia ufundi asiokuwa nao. Mwishoni akaongeza, akitazama sakafu, kwamba humwogopa kidogo. Siku ya kwanza alipoletwa kutambulishwa, mama alimtazama kiwiko na kumwambia mshono wa shati lake umekwenda upande, na tangu siku ile kila akiwa mbele yake anajihisi ameshonwa vibaya.

Mama alikuwa amesahau. Alijaribu kuikumbuka siku hiyo, akalikumbuka shati tu, na kweli mshono ulikuwa upande. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, akalazimika kushika meza. Mkwe alingoja kuona kama kicheko hicho ni cha heri, alipohakikisha naye akaanza, kwanza puani, halafu akashindwa kujizuia.

"Mlete huyo mama mpana nimwone," mama alisema akijifuta macho.

Alivaa miwani yake ya kutungia uzi na kuvuta taa ya cherehani hadi juu ya kasha. Mkwe alimwonyesha jinsi bodi inavyogoma, akaanza kuisukuma. Mama akampiga kofi dogo la mkono. Alimwambia mkono wa koti ukikataa kuingia hausukumwi, unatafutiwa unaponasa. Akaiinua bodi upande mmoja, akachungulia kwa nyuma. Pale palikuwa na kibati chembamba chenye madirisha ya kutokezea matundu ya waya, na kila dirisha lilikuwa na vilimi vidogo vya chuma. Kilimi kimoja kilikuwa kimejikunja na kuingia ndani ya tundu la bodi badala ya kukaa nje yake. Hicho tu. Kila mkwe aliposukuma, kilimi kilizidi kuchimba.

Mama alichukua kibano chake cha kuokotea nyuzi, akakinyoosha kilimi kwa mguso mmoja. Bodi ilishuka yenyewe, ikalala, na matundu yote manne yakakaa juu ya nguzo zake.

"Ameingia," mkwe alisema.

"Mwambie karibu."

Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja. Kijitabu cha maelekezo kilifunguliwa kwa mara ya kwanza, na mama akaisoma michoro yake kama alivyosoma miaka yote karatasi za kukatia vitambaa: mstari huu ndipo pa kukunja, alama hii ikutane na alama ile. Nyaya zilikuwa ndizo kazi kubwa. Kasha lilikuwa finyu na nyaya zilikuwa ndefu, kila mkwe alipozibana upande huu zilifumka upande ule na kugusa feni. Mama alimwomba apishe. Alizikunja kwa marinda, rinda juu ya rinda, akazifunga kwa uzi mnene wa kushonea mabegi na kuzilaza ubavuni mwa kasha.

Walipounganisha na televisheni na kuwasha, feni ilizunguka, taa ikawaka, na kioo kikabaki cheusi tii. Mkwe alikaa chini kama aliyepokea barua mbaya. Mama alimuuliza ni kitu gani alikiingiza kwa woga. Alifikiri, kisha akakiri kwamba ni vile vijiti vya kumbukumbu, maana alichelea kuvivunja. Wakachomoa umeme, mkwe akagusa nondo, mama naye akagusa nondo bila kuuliza, akaweka kidole gumba juu ya kijiti na kukisukuma kama anayetoboa tundu la kifungo kwenye turubai. Kikalia tak. Cha pili kikalia tak. Safari hii kioo kikaonyesha maandishi meupe, na mkwe akayasoma yote kwa sauti, hata yasiyo na maana.

Binti alirudi saa kumi na moja jioni. Kabla hajafika mlangoni alisikia watu wawili wanabishana, akadhani televisheni. Alipofungua aliwakuta mama yake na mumewe wamechuchumaa sakafuni, mmoja anataka kompyuta ikae juu ya meza, mwingine anasema joto lake litaharibu rangi ya mbao. Picha za familia zilikuwa zimekwishapangwa kwa mwaka, na walikuwa wamekosana pia kuhusu mwaka wa harusi. Alisalimia. Waliitika pasipo kugeuka. Akakaa kwenye kiti, koti bado mwilini, akangoja mtu amuulize safari ilikuwaje, na aliposubiri sana akaenda kujichemshia maji mwenyewe.

Jumatatu yule fundi aliyeongea na mkwe kwa simu alipita kukagua kazi. Alifungua mfuniko, akayafuata marinda ya nyaya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauliza ni karakana gani iliyofunga hizi. Mkwe alimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akipinda pazia mwisho wa meza. Fundi akavua kofia na kuuliza kwa adabu kama angekubali vijana wake watatu waje wajifunze, hata kwa saa moja.

Mama aliuma uzi, akautema. Alisema waje baada ya saa nane, wakiwa wamenawa mikono, na atakayekuja na shati lenye mshono uliokwenda upande ataanzia hapo kwanza.