Bunduki ya Hind Haiendi Hotelini

Asubuhi ya Idi, wenziwe wakijifukiza udi ndani, Hind alikuwa uani kwao Al Khoudh, kavaa glavu za ngozi na miwani mikubwa, anayeyusha chubwi za nyavu, vile vizito vya madini ya risasi, alizozinunua kwa wavuvi wa Qantab. Nani kasema mwanamke siku ya Idi lazima akae sebuleni akate halwa? Si Hind, wallahi.

Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, ile nzito aliyokuja nayo kutoka bara, ya kuwindia nyati. Risasi zake madukani hazipatikani tena. Anayeitaka sharti aziunde mwenyewe: ayeyushe chubwi, amimine kwenye kalibu, kisha kila moja aivalishe ganda lake lenye fataki na baruti. Baba alimfundisha Hind kazi hiyo. Kaka yake, Khattab, naye alifundishwa, ila macho yake hayakutoka kwenye simu.

Sasa Khattab kapata hoteli inayotaka kuitundika bunduki ukutani, na sharti lao ni mtutu uzibwe kwa kuchomelewa. "Bunduki imeshakufa hiyo," alisema. "Nnaitafutia kaburi zuri."

Hind aliwaka moto. Ikabidi Ami Thani, mdogo wa marehemu, aamue: Hind akiunda risasi, ikapiga shabaha mbele ya macho yake, bunduki itabaki kwake. Akishindwa, iende hotelini.

Za mwanzo zilitoka na makunyanzi, akazirudisha chunguni bila huruma. Kalibu ilipopata moto sawasawa, zikaanza kutoka nono, laini, zinang'aa. Hind akafurahi mpaka akaanza kuimba.

Hapo ndipo Ami Thani alipotoka ndani na mrashi wa fedha mkononi, umejaa maji ya waridi. Ada ya nyumba hiyo, siku ya Idi kila kitu kipate marashi: wageni, watoto, hata gari. Bunduki keshainyunyizia. Sasa anakijia chungu, anatabasamu.

"Na hizi nazo tuzibariki," akasema, mkono ushanyanyuka.

"Rudi nyuma!" Hind alipiga ukelele, akamsukuma kifuani. Mzee akapepesuka, kofia ikamvuka, mrashi ukabingirika chini.

"Lahaula!" Khattab akaja mbio. "Unampiga ami yako siku ya Idi? Umeona adabu yake, Ami?"

Ami Thani aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi. "Tangu nizaliwe sijasukumwa na mtoto. Njoo unibusu kichwa, uniombe radhi. Hutaki, basi, hata hiyo shabaha siitazami. Khattab aichukue bunduki."

Neno moja tu lingetosha, na nafasi ya kuipata bunduki ingebaki. Hind alimpenda ami yake, na kumuona vile kulimuuma. Lakini aombe radhi kwa kumuokoa? Thubutu!

"Siombi."

"Hind!"

"Siombi, Ami. Nnakupenda na nnakuheshimu, lakini kwa hili siombi ng'o. Nendeni nyuma ya gari, nyote wawili. Yallah!"

Sauti yake ilikuwa ya baba yake mtupu, wakaenda. Hind akaichovya ncha ya fimbo ndefu kwenye marashi yaliyomwagika, akajibanza nyuma ya nguzo, akaitumbukiza chunguni.

Yale matone ya maji yaligeuka mvuke papo hapo, chungu kikatoa kishindo. Risasi iliyoyeyuka iliruka juu, ikatapakaa kwenye ukuta mweupe, pale pale Ami Thani alipokuwa kasimama, usawa wa uso wake. Rangi ya ukuta ikafuka moshi.

Ami Thani alitoka nyuma ya gari polepole. Akausogelea ukuta, akayatazama yale madoa.

"Mpigie huyo mtu wa hoteli," alimwambia Khattab. "Mwambie bunduki ina mwenyewe."

"Hata shabaha hajapiga!" Khattab akaruka. "Na radhi je? Hajakuomba radhi!"

"Radhi ya nini?" Ami Thani alijipapasa kope, moja baada ya nyengine. "Macho yangu si haya, nnayo."