Maporomoko Yanamsubiri Aayte

Vikombe havikutetemeka. Hilo ndilo jambo la kwanza Aayte aliloliona Jumapili ile asubuhi, alipovipanga ubaoni baada ya kuviosha. Tangu aanze kazi kwenye kibanda cha chai cha shangazi Jaimati, vikombe vya bati vilikuwa vikitetemeka na kugongana vyenyewe kwa kishindo cha maporomoko, hadi ikabidi avizungushie kamba visianguke. Leo vilitulia kama kuku wanaoatamia. Akainua macho. Maji yalikuwa yakianguka kama siku zote, mapana na meupe, kutoka ukingo wa mwamba hadi kilindini. Yalianguka bila sauti.

"Shangazi," alisema, "maji hayalii."

"Afadhali," alijibu Jaimati, akiponda tangawizi. "Miaka kumi na minane nauza chai kwa kupayuka. Leo koo langu lina likizo."

Kufika saa nne watu walikuwa wameshazoea. Muuza mahindi na mkewe, waliozoea kupigiana kelele mchana kutwa, walisikilizana vizuri kwa mara ya kwanza, kisha wakanuniana. Wageni wa mjini walishuka kwenye mabasi, wakapiga picha, wakanong'ona bila kuambiwa. Mama mmoja mwenye miwani myeusi alilalamika kwamba video yake haina sauti. Afisa wa utalii akaagiza kipaza sauti, kikafungwa mtini, kikaanza kutoa mngurumo wa maporomoko mengine ya mbali. Yule mama akapiga video upya, akashukuru.

Aayte aliinamia beseni la vyombo. Alijua maji yamemnyamazia nani, na aliona haya.

Mama yake, Sombari, alichukuliwa na mto wakati wa kuokota maua ya mahua, yale ya mtini yanayopikiwa pombe. Kwao maiti haachwi alikofia. Ndugu huenda mtoni, mtoto wa mwisho huingia majini akaliita jina, na kiumbe wa kwanza atakayemjia mkononi, awe samaki, awe kaa, ndiye marehemu mwenyewe. Hubebwa nyumbani kwa bakuli la majani, akawekwa kwenye chungu cha wazee pembeni mwa jiko, akakaa na bibi na babu zake. Lakini sharti iwe kabla ya mvua. Mvua zikianza mto hugeuka tope, na asiyeitwa husombwa hadi baharini, kwa watu asiowajua hata majina. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yameshajipanga.

Na siku zenyewe zilikuwa chache. Katikati ya wiki maji hufungiwa kwenye bwawa huko juu, mwamba ukabaki mkavu, watu wakaukanyaga kwa miguu. Milango hufunguliwa Jumamosi na Jumapili, wageni wanapokuja.

Jumapili mbili Aayte alikuwa ameingia majini na kuita. Hakuja hata kaa. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Zamani, kabla hajaacha shule darasa la nne, mwalimu alikuwa akimwandika hayupo ilhali ameketi mbele yake.

Mchana mjomba Lakhmu, kaka wa Sombari, alifika na bakuli la majani mkononi.

"Haya, sauti ya mbu," alisema. "Mto mzima umefunga mdomo kwa ajili yako. Unataka na kadi ya mwaliko?"

"Watu ni wengi, mjomba."

"Mama yako ni mmoja. Vaa viatu."

"Kwenye maji?"

"Basi vua. Mradi twende."

Kwenye uzio mlinzi Dhaniram aliwanyoshea mkono. "Tiketi."

"Kaka Dhaniram," alisema Aayte polepole, "mimi nimezaliwa hapo chini."

"Na mimi hapo juu. Lakini nikivaa kofia hii simjui mtu." Alifikiri kidogo. Kisha akaivua, akaikung'uta vumbi. "Ah, Aayte! Hujambo? Piteni, piteni, kabla sijaivaa."

Wakashuka. Huko juu Jaimati alichomoa waya wa kipaza sauti. Afisa alipokuja kuuliza, alimwambia kwamba umeme ni wa kibanda chake na birika nalo linautaka.

Aayte aliingia majini hadi kiunoni. Manyunyu ya maporomoko yalimlowesha nywele. Alikusanya pumzi, akaita, "Mama! Sombari!"

Jina lilipanda mwamba, likafika juu, likageuka, likarudi. Wageni waliegemea uzio wakatazama. Samaki hakuja. Vidagaa vilikaa mbali, vimemwelekea, kama watoto kwenye mlango wa jirani mwenye sherehe.

"Mpe habari za nyumbani," alisema mjomba kutoka kwenye jiwe. "Haji kwa jina tupu, dada yangu si kuku."

Aayte akampa habari. Mbuzi amezaa mapacha. Paa limeanza kuvuja upande wa mashariki. Kaka amepata mchumba, na harusi inamngoja yeye, kwa kuwa nyumba haichezi ngoma mama akiwa bado yuko nje.

Samaki mmoja wa kijivu akajitenga na wenzake. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu, pale Sombari alipoungua na mafuta ya kukaangia. Alikuja hadi umbali wa mkono mmoja mbele ya mwanawe, akasimama hapo, akipunga mapezi. Hakusogea tena.

"Bado anataka kitu," alisema mjomba. "Huyu tangu utotoni haondoki sokoni bila nyongeza."

Aayte alijua anachotaka. Siku mto ulipomchukua ilikuwa Jumatano. Sombari alikuwa akivuka mwamba mkavu na kikapu chake kichwani, na Aayte ukingoni alikuwa akifunga kikapu chake. Huko juu milango ikafunguliwa kwa ajili ya mgeni mkubwa aliyetaka kuona maji. Siku ya tatu akaja mtu mwenye faili. Akaandika kwamba marehemu alikuwa amekunywa pombe ya mahua, akateleza. Kisha akamuuliza Aayte, je, king'ora cha kuonya kwamba milango inafunguliwa kililia? Aayte alitazama vidole vya miguu yake. Yule mtu alingoja kidogo, akaandika: ndiyo.

Alilolisema Aayte pale majini lilisikika hadi kwenye mabasi. Afisa wa utalii alilisikia, akatazama saa yake. Karatasi haikubadilishwa hata herufi. Jumatano iliyofuata milango ilifunguliwa tena bila onyo, maji yakachukua ng'ombe wawili wa muuza mahindi, na wakati huo kishindo cha maporomoko kilikuwa kimesharudi na Sombari yuko ndani ya chungu, karibu na joto la jiko.

Lakini hayo yalikuwa bado. Saa ile kulikuwa na maji yanayoanguka kimya, na samaki anayengoja. Aayte alichovya mikono yote miwili, akaikunjua.

"Mama," alisema, "king'ora hakikulia. Waliniuliza, na mimi nikanyamaza."