Barua ya Nane ya Zaitun

Napenda ijulikane kwamba mimi, Evaline wa Busunzu, kidato cha tatu, si mtu mwenye wivu. Nilikuwa na tatizo na faili moja tu.

Faili lilikuwa la Zaitun, binti wa mwenye duka la vitenge Kasulu mjini, anayelala kitanda cha juu yangu. Ndani mlikuwa na barua saba za watunzi wa nyimbo, kila moja imesainiwa kwa kalamu. Zaitun aliwaandikia kuwauliza beti zao zilitoka wapi, nao, watu wazima wenye majina, wakamjibu. Shuleni kwetu Kibondo simu ni marufuku, kwa hiyo barua ni mali. Jumapili wasichana walipanga foleni kuzitazama, wakiwa wamenawa mikono. Mimi pia hutunga mashairi. Hakuna aliyewahi kunawa mikono kwa ajili yangu.

Barua aliyoingoja kuliko zote ilikuwa ya Bi Mwajabu, mtunzi wa taarabu wa Tanga. Miezi minne, kimya. Nikamhurumia, nikamjibu mimi.

Nilibandua stempu kwenye barua ya shangazi, nikaandika kwa mwandiko wa kulalia kushoto, nikamwita "mwanangu", na chini nikatia ubeti:

Ua lako lanukia, pua yangu yaniuma,
Maji nikimiminia, mkono wangu wachuma.

Nikasaini "Mwajabu". Barua zote zinazoingia shuleni husomwa kwanza na Matroni Maximilla, hivyo nilipotumwa kufagia ofisi yake niliitumbukiza kwenye kapu lake la barua.

Mpango ulikuwa Zaitun aringe wiki moja, kisha nimuumbue. Lakini Matroni aliisoma mstarini, mbele ya shule nzima, akaurudia ubeti mara mbili, akajifuta macho. Bweni likauimba wakati wa kufua.

"Umeona mtu anayejua?" Zaitun aliniambia. "Mashairi yako yana kelele, shoga. Jifunze hapa."

Hapo nikamwonea wivu hata Bi Mwajabu, ambaye hakuwa amenifanyia lolote.

Zaitun akamwandikia kumshukuru, na ubeti akaunakili. Hilo sikuwa nimelifikiria. Wiki tatu baadaye Matroni aliingia bwenini na bahasha kutoka Tanga, akasoma kwa sauti:

"Mwanangu Zaitun, ile barua si yangu. Ubeti nao si wangu, na nimesikitika kwamba si wangu. Aliyeuandika anaujua wivu kwa ndani. Mwambie aniandikie."

Akakunja karatasi. "Ni nani? Nyuma ya jiko kuna kisiki cha mkaratusi kinamsubiri aking'oe."

Ningenyamaza, nisingejulikana kamwe. Lakini kwenye kitanda cha mlangoni, Recho, ambaye hajawahi kutunga hata orodha ya sabuni, alianza kutabasamu kama mwenye siri. Wasichana wawili wakamgeukia kwa heshima.

"Ego," nikasema. Kiswahili kilikuwa kimenikimbia, nikakiri kwa Kiha. "Ego, ni mimi."

Kisiki kilinichukua siku tatu. Siku ya pili Zaitun alikuja, akasimama mbali na vumbi, faili kifuani.

"Nipe barua yangu," nikamwambia, nikiegemea jembe. "Ile ya Bi Mwajabu."

"Yako vipi? Bahasha ina jina langu."

"Maneno yananihusu mimi."

"Basi nakili anwani." Akatoa barua yangu ya uongo na kalamu. "Na hii isaini upya. Jina lako la kweli."

"Ya nini?"

"Nakusanya za watunzi."

Nilimtazama nione kama ananicheka. Hakuwa akicheka, alikuwa amenuna, na macho yake hayakuondoka kwenye ule ubeti. Nikautambua uso huo. Nimeuvaa mwaka mzima.

"Nawa mikono kwanza," akasema.

Nikanawa bombani, nikanakili anwani ya Tanga, kisha nikasaini, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za Bi Mwajabu.